Rafu ya Juu

Ngazi ya dukani ilivunjika mwaka ule niliotoka chuoni,
na Bwana Taherali, mtu wa hesabu,
hakununua nyingine. Aliniajiri mimi.

Mita moja na themanini na nane, bila viatu.
Nanyoosha mkono nashusha pampu ya maji,
beringi za Kijapani, boksi la plagi
lililolala rafu ya juu tangu Pijo zilipokuwa magari.
Mafundi wa Mwembe Tayari wameshazoea.
Wageni huuliza: Dada, ulikuwa ukicheza?
Nami hujibu: Nilikuwa nikisoma uhasibu.
Ni kweli. Nusu ya kweli.

Nusu ya pili ni uwanja wa simiti,
saa kumi na mbili asubuhi, jua halijawa adui,
Kocha Mwadime na filimbi yake yenye kutu,
na sisi wasichana kumi na wawili,
suruali ndefu chini ya kaptura, mtandio umefungwa kilemba,
tukidunda mpaka viganja vikawa vyeusi.
Waliniita Mlingoti.
Mpira ukigonga pete ukarudi
haukuwa na pa kwenda ila mikononi mwangu,
kama mtoto anayeujua mlango wa kwao.

Mama hakuja kutazama hata siku moja.
Alisema: Batuli, ni nani atakayekuoa,
mume akutazame shingo nyuma
kama anautafuta mwezi wa Ramadhani?
Lakini jezi aliifua yeye, kwa mkono,
akaianika uani, namba kumi na nne ndani
majirani wasiisome.

Fainali. Robo ya tatu.
Thelathini na nane kwa thelathini na saba, sisi mbele.
Naruka. Naye Naliaka, beki wao, anaruka,
ila yeye hakuufuata mpira.
Goti nililisikia kabla sijalihisi:
tk, njiti ya kiberiti iliyokataa kuwaka.
Refa akapunga mkono. Si rafu, alisema, chezeni.

Neno hilo nimelitafuna miaka saba
chini ya rafu nyingine, za mbao,
nikifuta vumbi pale ambapo mkono wa mtu haufiki.

Kelele za mashabiki ziliishia kwenye basi la kurudi.
Kilichobaki ni kiti.
Nina miaka ishirini na tisa, na tarawehe naswali
juu ya kiti cha plastiki, safu ya nyuma,
kati ya mabibi wawili
walionisogezea nafasi bila kuuliza.
Goti halitaki kusujudu.
Nainamisha kilichobaki.

Basi Jumanne hii ameingia mwanamke,
Probox yake yagonga mbele, ataka boljointi.
Nikageuka.
Tukatazamana usawa, jicho kwa jicho,
jambo ambalo halinitokei katika mji huu.
Hakunisalimu. Alisema: Goti?
Nikasema: Lipo.
Akasema: Mimi niliacha kucheza wiki ile ile.
Sikumuuliza kwa nini. Nyuma yake fundi alikuwa anangoja fani belti,
na Bwana Taherali ananitazama juu ya miwani.

Boljointi zilikuwa rafu ya mwisho kabisa.
Nilishainua mkono.
Kisha nikaushusha, nikarudi hatua moja,
nikamwambia: Chukua mwenyewe.
Akanyoosha mkono. Kisigino cha kulia
kiliinuka kidogo, kama zamani,
nusu pumzi kabla hajaruka.
Nilikijua kisigino kile kuliko sura yake.

Nilimtoza bei kamili, elfu tatu na mia mbili.
Hakuomba apunguziwe hata shilingi.
Risiti aliikunja mara nne, akaitia kwenye sidiria
kama anavyofanya mama,
akaondoka, gari likigonga mpaka kwenye kona.

Kahindi wa stoo akauliza: Yule ni nduguyo?
Nikamrushia boksi tupu bila kumtazama.
Alilidaka. Nusura limponyoke.